Wimbo Niliouonea Haya

Habari ya kifo cha Teddy Kalanda Harrison ilinikuta kwenye kiti cha kinyozi, hapa Malindi, Septemba 2024, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Redio ilitaja jina lake, ikasema ndiye mtunzi wa "Jambo Bwana", kisha ikauweka wimbo wenyewe. Kinyozi akazima mashine. Ni kijana, hajafika miaka thelathini, na wimbo ule kausikia tangu yumo tumboni mwa mamake.

"Kwani mzee," akaniuliza, "ule wimbo una mtu aliyeutunga?"

Swali lile lilinichoma kuliko alivyokusudia. Jawabu ya uongo ya swali hilohilo nimeitoa mimi mwenyewe kwa miaka mingi, tena nimevaa shati la kitenge na gita liko shingoni.

Nilipiga gita la risimu katika bendi ya hoteli moja ya ufuoni kuanzia 1991 hadi mwanzo wa 2008. Usiku sita kwa wiki. Masika yakiingia hoteli ilifungwa, bahari imechafuka na wageni hawaji, nasi wanamuziki tukageuka wavuvi, makuli na wapaka rangi, kila mtu na lake mpaka msimu urudi. Miezi minane iliyobaki tulikuwa pale chini ya paa la makuti, watu watano: solo, risimu, besi, dramu, na mmoja wa kuimba na kutikisa kayamba. "Jambo Bwana" tuliipiga si chini ya mara mbili kila usiku. Ya kwanza wageni wakishuka kula, mabega yamewaiva kwa jua. Ya pili mwisho kabisa, wakati kofia inapita mezani. Piga hesabu mwenyewe. Mimi naipata zaidi ya mara 6,000.

Na kila mara niliuonea haya.

Haya yenyewe niliirithi kwa bibi yangu. Siku niliyomweleza kazi niliyopata na wimbo tunaofungulia, aliacha kukuna nazi akanitazama. "Jambo?" akasema. "Jambo gani? Limetokea jambo?" Nyumbani kwetu hakuna anayeamkia hivyo. Mkubwa ni shikamoo, rika lako ni hujambo naye atajibu sijambo, na ukiwa na haraka ni salama tu ukapita. "Jambo" kavu kavu ni ya mzungu aliyeshuka melini. Na hayo "matata" nayo, bibi hakuyataka. Kwake kitu kisipokuwa na tatizo ni hapana neno. Basi nikaenda kazini nikiwa tayari nimeshausengenya wimbo, na vijana wenzangu kwenye bendi walikuwa hivyohivyo. Tuliuita wimbo wa kuuzia madafu.

Aliyenitia kazini alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama, mpiga besi. Yeye hakucheka nasi. Alikuwa akikaza nyuzi zake pembeni, na siku moja tulipozidi kuudhihaki alisema bila kuinua uso, "Mwacheka. Basi nanyi tungeni mmoja kama huo, hata wa dakika mbili. Nami nitaupiga."

Nilijaribu. Hapo ndipo nilipoanza kumjua Teddy Kalanda, mtu ambaye sikuwahi kumwona kwa macho.

Wasiojua niwaambie kidogo. Bendi ya Them Mushrooms ilianzishwa Mombasa na ndugu wa nyumba moja, akina Harrison. Kwanza iliitwa jina jingine, mwaka 1972 ikawa Them Mushrooms, na baadaye wengi wakaijua pia kwa jina la Uyoga. Ukisoma majina yao ya pili, Kalanda, Katana, Sarro, Zirro, Kalume, huna haja ya kuuliza kwao ni wapi. Ni Wamijikenda wa Pwani hii hii. Riziki yao ilikuwa kama yetu, kuwapigia watalii mahotelini. Teddy ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi, na "Jambo Bwana" aliutunga yeye. Ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kufikia 1983 kundi la Boney M. la Ujerumani lilikuwa limeshauimba upya kwa mtindo wake, na kati ya 1982 na 1987 santuri ya Them Mushrooms yenyewe iliuzwa zaidi ya nakala 200,000, wakapewa tuzo ya platinamu. Kwa soko la muziki la Kenya la wakati ule, hizo si nakala za kubahatisha.

Wimbo wangu wa kwanza wa kuwashinda ulikuwa wa mapenzi. Niliutia kila neno la tarabu nililowahi kulisikia harusini: muhibu, mahabubu, ghaidhi, mtima. Tuliupiga wageni wakila. Wakaendelea kula. Mwitaliano mmoja alinyanyua kichwa, nikadhani nimempata, kumbe alikuwa akimwita mhudumu amletee ndimu za kukamulia kamba. Mjomba aliupiga wote hadi mwisho, kama alivyoahidi, kisha akaniambia, "Mwanangu, umejiimbia mwenyewe."

Ndipo nikakaa nikauchambua ule wa madafu. Niliandika maneno yake kwenye karatasi ya jikoni, mstari kwa mstari, nikaona kitu ambacho mara zote nilizoupiga sikukiona. Salamu kwanza. Kisha habari gani. Kisha jibu, nalo ni nzuri sana, kwa sababu huku kwetu jibu la kwanza huwa zuri hata kama nyumbani mtoto anaumwa. Ubaya husemwa baadaye. Kisha wageni wanakaribishwa. Mwisho ndipo wanaambiwa nchi ni salama, wakae. Huo ni utaratibu wa baraza. Ndivyo bibi yangu alivyompokea kila mtu aliyebisha hodi kwake, akiwemo mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Alilikataa neno la kwanza la wimbo, lakini mwendo wote uliobaki ulikuwa wake.

Halafu kuna "mwakaribishwa". Hakusema "mnakaribishwa", kama ambavyo mtu wa bara angesema na kama vitabu vingi vinavyofundisha. Hiyo ni sauti ya Pwani, imekaa katikati ya wimbo wa watalii na hakuna aliyeitoa. Tena ndilo neno pekee gumu katika wimbo mzima. Wageni walilikwaa kila usiku, mwa-ka-ri-nini, wakacheka, wakajaribu tena kwenye kiitikio kinachofuata. Kwa muda mrefu nilidhani neno lile ni kosa la mtunzi. Siku hizi naona ndilo lililowafanya warudie. Mtu huimba kwa furaha zaidi akiwa na kidimbwi kimoja cha kuruka.

Jambo jingine lahusu Malindi hasa. Mji wetu ni wa Waitaliano. Watoto wa mtaani wanasema "ciao" kabla hawajajua kuhesabu hadi kumi. Na Mwitaliano alikuwa akiushika wimbo ule haraka kuliko Mjerumani au Mwingereza. Nilijiuliza sababu, mpaka siku moja nilipomsikia mpishi mkuu akigombeza vijana wake kwa Kiitaliano. Maneno yao huishia kwa irabu kama yetu, na mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama yetu. Domani, bambino, signora. Bwana, wageni, matata. Hawakuwa wakijifunza lugha ngeni, walikuwa wakibadilisha maneno tu kwenye mdomo uleule. Na melodia nayo iko karibu na maongezi, haipandi juu hata mtu aliyekunywa akashindwa kuifikia. Kodi tatu za gita basi. Ukimwita mtoto wa miaka sita aimbe pamoja nawe, ataimba.

Kutunga kitu chepesi hivyo kumbe ni kazi ngumu. Wa kwangu uliofaulu ulikuja baadaye, nao sikuutafuta. Mwisho wa 1997 mvua za El Niño zilipiga sana, mto Sabaki ukafura, na bahari ya Malindi ikageuka rangi ya chai ya maziwa mpaka mbali. Mto huo una majina matatu kama mtu anayekimbia madeni: huko juu ni Athi, ukipita Tsavo ni Galana, ukifika kwetu kumwaga udongo wote uliouzoa njiani ndio Sabaki. Wageni walikuwa wakija mapokezini kulalamika, kana kwamba hoteli ndiyo iliyoitia rangi. Mama mmoja alidai arudishiwe pesa. Yule msichana wa mapokezi, baada ya kueleza mara ya kumi, alituambia sisi wa bendi, "Waimbieni nyinyi, mimi nimechoka."

Basi nikatunga.

Bahari kavaa kanga,
kaletewa na Sabaki.

Mizani nane kwa nane, kama nilivyofundishwa chuoni na madrasa. Kiitikio kilikuwa jina la mto tu, mara nne. Usiku wa pili wageni walikuwa wakiitikia "Sabaki" huku wakielekeza uma baharini, na yule mama wa pesa alikuwa miongoni mwao. Mjomba aliutilia besi ya kupanda na kushuka, nzito, kama mtu anayetembea matopeni. Sijawahi kujivunia kitu hotelini pale kama nilivyojivunia besi ile, na haikuwa hata yangu.

Sasa ule uongo. Mwaka 1999, mwezi wa pili, alikuja mgeni mtu mzima, mwanamke, ana daftari na kinasa sauti kidogo cha kanda. Alikuwa akikiweka mezani karibu na chupa ya maji na kutusikiliza amefumba macho. Baada ya "Jambo Bwana" alinijia akaniuliza kwa Kiitaliano, wimbo huu ni wa nani. Jina nililijua. Mjomba alikuwa akilitaja mara kwa mara, tena kwa heshima. Lakini nilimjibu kwamba ni wa kienyeji, wa mababu zetu. Namwona mpaka leo akiandika kwa kalamu nyekundu.

Kwa nini nilisema vile? Moja, ni mazoea. Wote tulijibu hivyo, kwa sababu mgeni akisikia mababu macho humng'aa na bahshishi hunenepa. Pili, ile haya. Wimbo usio na mwenyewe hauna wa kumlaumu. Ningesema ni wa kijana fulani wa Mombasa aliyekuwa akipiga hotelini kama mimi, ingebidi nikubali kwamba kijana yule alikaa palepale nilipokaa, akawatazama watu walewale, akaona nisichokiona.

Akauliza na ule wa Sabaki je? Nikasema nao pia. Ulimi ulikuwa umeshazoea.

Mwaka 2004 nilipita kwenye kibanda cha vinyago nikaona CD ya watalii, jaladani kuna Mmasai na tembo. Malindi mjini nina miaka yangu yote na tembo sijamwona. Nikageuza nyuma kusoma orodha, na namba tisa ilikuwa "Sabaki". Chini yake wameandika ni wimbo wa kienyeji wa Kenya. Nilimwomba mwenye kibanda aniwekee. Sauti si zetu, gita si langu, wameutia kinanda. Maneno yangu yote yalikuwamo. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na tayari nimefanywa mababu.

Nilipanda matatu mpaka Mombasa kumtafuta mwenye kuisambaza. Nilimpata. Hakuwa mtu mbaya, alinipa hata soda.

"Una kanda ya zamani, kaka? Uliurekodi?"

"La."

"Umeuandika popote? Karatasi, noti, chochote chenye tarehe?"

"La."

"Sasa wimbo wako uko wapi?"

Nikajigusa kichwa. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kama angenifukuza.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyesomea sheria alikuja kunieleza baadaye. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 haidai uusajili wimbo ndipo uwe wako. Haki huzaliwa yenyewe wimbo ukitengenezwa. Lakini lazima uwe umewekwa mahali, kwa maandishi au kwa kurekodiwa. Wimbo ulioishi hewani chini ya makuti, kila usiku ukizaliwa upya na kufa wageni wakienda kulala, sheria haiuoni. Na uliorekodiwa hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Wa Teddy Kalanda, basi, una mwenyewe hadi mwisho wa 2074. Mimi sitakuwapo, na kinyozi atakuwa mzee.

Tofauti yetu sisi wawili haikuwa kipaji peke yake, ingawa kipaji alinizidi. Yeye na nduguze waliutoa wimbo hotelini wakaupeleka studio ukiwa bado wa moto, jina likaandikwa. Hata hapo watu wameuzoea mpaka wanadhani umeota wenyewe kama mkungu ufuoni. Wengine wamejirekodia kwa majina yao na kuubandika vichwa vipya. Na si huo tu. "Malaika", tuliyoipiga kila usiku kwa ajili ya wapenzi, ilirekodiwa na Fadhili William, naye Adam Salim akadai ni yake. Wakongwe wa muziki bado hugombana wakiitaja. Fadhili alifariki 2001.

Ya Disney nitayapita upesi maana yananipandisha damu. Filamu yao ya The Lion King ilitoka 1994, na kuanzia hapo watoto wa Kizungu wakawa wanatukatiza katikati ya wimbo kutuambia tumeyaiba "hakuna matata" kwa yule nguruwe mwitu. Wimbo wetu uliwatangulia zaidi ya miaka kumi, na maneno yenyewe yaliutangulia wimbo. Mwaka 2003 Marekani wakawasajilia maneno hayo kuwa alama yao ya biashara kwenye fulana. Mwaka 2018 watu walitia saini kwa maelfu kupinga. Bibi yangu, aliyeyakataa maneno hayo kwa kuwa si Kiswahili chake kizuri, nadhani siku hiyo angeyatetea.

Kazi ya hoteli iliniishia Januari 2008. Uchaguzi wa Desemba ulikuwa umezaa fujo, ndege za watalii zikasita, na siku moja wageni tuliobaki nao walikuwa saba, watano kati yao wamefungasha mizigo. Tuliwapigia "Jambo Bwana" hivyohivyo. Tulipofika pale pa kusema hakuna matata, mwimbaji wetu alinitazama, nami nikatazama nyuzi.

"Una mtu," nilimwambia kinyozi. Nikamtajia jina lote, Teddy Kalanda Harrison, nikamwambia alikuwa mtu wa hapahapa Pwani. Akalirudia mara mbili kisha akawasha mashine.

Kutoka pale sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa mjomba, kule Maweni. Macho yamemwishia na vidole vimekakamaa, lakini kumbukumbu ipo. Nikampa habari. Akanyamaza, akasema "Inna lillahi", kisha akasema alishamsikia akipiga jukwaani mara moja, zamani, na kwamba alikuwa mtu wa kutabasamu na wasikilizaji. Nikatoa simu, nikaiweka juu ya kigoda baina yetu, nikaiambia irekodi.

"Warekodi nini?"

"Sabaki, mjomba. Ule wetu. Nataka uwe mahali."

Nikaimba ubeti wa kwanza, kanga na mto. Kiitikio. Nilipoingia ubeti wa pili sikukuta kitu. Nilijua ulikuwa na mashua ndani yake, na mtu aliyepoteza kitu, lakini maneno hayakuja. Ile CD niliinunua, na watoto waliigeuza kisahani cha kuchezea miaka mingi iliyopita.

"Unaukumbuka ubeti wa pili?" nikamwuliza.

Mjomba alifikiri kwa muda. "Maneno sikuwahi kuyashika," akasema. "Mimi nilikuwa nyuma." Lakini akaanza kuguna ile besi yake kwa mdomo, dum, du-dum, ikipanda na kushuka, mkono ukipiga goti, na akaipeleka ubeti wote wa pili bila kukosa, peke yake, mpaka mwadhini wa magharibi alipoanza naye akanyamaza. Simu ilikuwa bado inarekodi.